Injini ya Tatu

Zilikuwa tatu, ndogo; kila moja
ungeweza kuipakata kama mtoto anayecheua.
Tulizijaribu msituni, nyuma ya Rockaway, New Jersey,
ambako baba mkwe alichimba chuma
hadi mapafu yakaota kutu.
Chuma kiliisha. Mashimo yakajaa maji.
Kando ya mashimo tukasimamisha kuta za zege,
na majirani wakalalamika
kwamba madirisha yanatetemeka na watoto hawalali.

Zile roketi kubwa za kwenye magazeti
si zetu. Zile ni ngoma za harusi.
Zetu ni mkono wa somo kiunoni mwa bi harusi:
kushoto kidogo, taratibu, hapo.
Ikinong'ona, injini humwinua mtoto wa miaka mitatu;
ikipaza sauti, humwinua mama yake,
tena awe mwembamba.
Lakini juu kule hakuna hewa ya kuegemea,
na aliyeteleza huteleza moja kwa moja.

Hazina kiberiti.
Vimiminika viwili, kila kimoja na tangi lake,
vimenuniana kama wake wenza:
kimoja chanuka samaki,
kingine chafuka moshi wa rangi ya kahawia.
Vali zikifunguka, vikigusana tu,
hakuna hodi wala karibu. Moto.
Emmett Vanorden, msimamizi wetu, alisema
ndoa yake ya kwanza ilikuwa vivyo hivyo.
Hatukucheka. Tulimjua mkewe.

Mimi kazi yangu ilikuwa vitundu.
Verona Dzurko, muhuri namba arobaini na moja,
jicho kwenye hadubini, pumzi nusu,
nikivihesabu vinavyorusha mafuta,
kila kimoja kama kimechomwa kwa sindano.
Unyuzi wa glavu ungetosha kuupinda mwali.
Chembe ya mkate ingetosha.
Nilihesabu, nikarudia, nikapiga muhuri,
nikaenda kumpikia Stefan kabichi.

Kisha usiku mmoja wa Septemba,
chombo kikiwa katikati ya safari,
wakakiamuru kijinyooshe.
Injini mbili zikaitika.
Ya tatu
ikanyamaza.

Mafiga mawili hayainjiki chungu.
Kikaanza kuzunguka kama pia,
wakakiita, wakakiita tena, alfajiri ikawakuta wakiita,
na kila mwito ulikizungusha zaidi,
mpaka betri zikachoka na kikaacha kujibu.

Wakaja watu wenye tai na makabrasha.
Walikuwa wapole. Walisoma muhuri wangu,
wakageuza ukurasa.
Mwisho wakaandika: chanzo hakijulikani.
Laiti wangenilaumu!
Lawama ina mlango, unaweza kutoka.
Hakijulikani ni nyumba isiyo mlango,
nami nilikaa humo majira yote ya baridi,
nikinawa mikono hadi ikapasuka,
nikijiuliza: Jumanne ile,
nilikula mkate mezani au uani?
Stefan akasema, Verona, hata Mungu
ana vitu alivyovikagua vikaharibika.
Nikamwambia Mungu hapigi muhuri.

Mwaka uliofuata, chombo kingine kilitua.
Kikakaa mavumbini siku kadhaa, kikipiga picha za mawe.
Ndipo mtu mmoja, sijui nani, akathubutu kuziamsha injini
pale pale, juu ya ardhi ya mwezi.
Ziliwaka. Zote tatu.
Chombo kikaruka kama jogoo anayevuka mfereji,
kikatua hatua chache pembeni,
kisha kikageuza jicho lake
kikazipiga picha nyayo zake chenyewe.

Emmett aliniletea gazeti, akaliweka mezani, akaondoka.
Nilivua glavu. Nikavaa tena.
Kwa mazoea nikaiweka ile picha chini ya hadubini,
nitafute chembe ya mkate.
Nyayo zikatoweka, mwezi ukatoweka;
zikabaki nukta za wino, safu kwa safu,
na kati ya nukta vijitundu vyeupe,
vyote wazi.
Nikaanza kuhesabu.